Ufunguzi wa Kitengo cha Ovari, Mirija na Vitongoji Vyake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya wote walioalikwa kupata udhuru ni mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi, waheshimiwa wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati inayofuatilia kamati ndogo, Bwana Mganga Mkuu wa zahanati hii, Bibi Muuguzi wa zamu, viongozi wa dini zote na wa vyama vyote, walimu wakuu na wasaidizi wao, wazee wangu, akina mama mlioketi juani, akina baba mliosimama kivulini, na wewe fundi wa spika, ambaye nakuomba kwa heshima na taadhima uache kuchezea huo waya (Spika inapiga yowe.), itifaki yote imezingatiwa.

(Makofi. Mengine ni ya kufukuza nzi.)

Ndugu wananchi, mimi si mtu wa kujisifu, na ndiyo maana nimemwomba karani wangu aniandikie sifa hizi ili nizisome tu kama taarifa. Wapo wanaoniita Mzee wa Mchakato. Sikatai. Mchakato ndio uliotufikisha hapa, maana nilipokabidhiwa jukumu hili nilijiuliza swali moja zito la kimkakati: je, mwanamke akiota uvimbe kwenye yale, kwenye yale maeneo husika (Muuguzi: "Ovari!"), ahsante sana, kwenye hayo aliyoyataja Bibi Muuguzi, au kwenye ile mirija inayotoka kwenye hayo aliyoyataja kuelekea kule kunakojulikana, au kwenye nyama za jirani, ambazo kiutawala tumeziita vitongoji, je, mama huyo aende wapi? (Sauti ya mama: "Mjini, ukiwa na nauli!") Umenena, mama. Aende mjini, kutwa nzima barabarani, akapange foleni na watu asiowajua, wakati anao uongozi wake hapa hapa unaompenda! Nikasema, haiwezekani.

Tukaingia kazini. Tukaandaa andiko la mradi, tukaandaa rodimapu, tukakaa na wadau, wadau nao wakakaa na sisi, tukapeana fidibaki mpaka chai ikapoa ikaletwa nyingine. Utafiti tulioufanya kupitia semina elekezi, semina rejea, na ile semina ya kufunga semina, umebaini kwamba asilimia sabini na tatu nukta sita ya wanawake wa eneo letu ni akina mama, na waliobaki wako kwenye mchakato. (Makofi. Mzee mmoja anauliza jirani yake amesema nini, anaambiwa piga makofi tu.)

Na matunda mnayaona. Mlango ule umeandikwa KITENGO, kwa herufi kubwa, rangi haijakauka, msiegemee. Hapa jukwaani kipo kitanda cha mgonjwa, bado kimevaa nailoni. Na nyuma yangu, chini ya kitambaa hiki cha buluu, ipo mashine ya kisasa, ya kidijitali, yenye uwezo wa kutazama ndani ya tumbo la mama bila kulipasua, kwa teknolojia ambayo ningewaeleza kama muda ungetosha. (Vigelegele.) Kitambaa hakitaondolewa leo, kwa sababu za kiusalama. Ni mashine nyeti, haipendi kutazamwa na watu wengi kwa mpigo.

Ngoja niwape mfano hai, msije mkasema nasoma karatasi tu. Yupo mama mmoja, simtaji, maana naheshimu siri za watu, nasema tu kwamba ndiye anayenipigia pasi mashati haya. (Vicheko. Watu wanageuka kumtazama mke wake, safu ya mbele, mwenye gauni la zambarau lililofumuliwa kiunoni likatiwa kiraka.) Mama huyo anakula vijiko viwili, anasema ameshiba, mimi nikadhani ananisusia. Mikono inakonda, tumbo linajaa. Anaamka kwenda msalani mpaka bawaba za mlango zimelegea. Akiinama kufua, anashika nyonga. Majirani wakaanza kutupongeza, na mimi, ndugu zangu, tangu niingie kwenye utumishi sijapata kukataa pongezi. Nikapokea hata kitanda cha mtoto, ingawa mama mwenyewe ana wajukuu na mambo hayo alikwishayaaga. (Vicheko vikubwa. Mke hacheki.)

Sasa sikilizeni uzalendo. Bibi Muuguzi huyu huyu akampapasa tumbo, akasema kuna kitu upande wa kushoto, kama chungwa, kipigwe picha haraka. Haraka, ndivyo alivyosema. Mama akafunga mkoba aende mjini. Mimi nikamzuia. Nikamwambia, vumilia mke wangu, kitengo changu kinakuja, na wewe ndiwe utakayekuwa wa kwanza; mke wa mwenye duka ataonekanaje akinunua chumvi kwa jirani? Akavumilia. Tukaahirisha ufunguzi kwa ajili ya ziara ya mafunzo, akavumilia. Tukaahirisha tena kwa ajili ya kuandika ripoti ya ziara, akavumilia. Ndugu wananchi, mpigieni makofi mama huyu!

(Hakuna makofi. Mke anasimama.)

Naam, amesimama kuwasalimia. Ahsante, mama watoto, kaa sasa. (Hakai.) Mama watoto, itifaki. Jukwaani wanapanda walioitwa. (Anapanda. Anavua viatu, anavipanga pembeni, anaketi kwenye kitanda. Nailoni inalia.) Mke wangu, taratibu basi, hicho ni kitanda cha maonyesho, mwenye duka la samani anakitaka jioni bila hata mkunjo mmoja. Nilichomaanisha, ndugu wananchi, ni kwamba sekta binafsi imeshirikishwa kikamilifu.

(Mke: "Baba watoto, ulisema nitakuwa wa kwanza. Nimefika. Washa.")

Kuwasha kuna utaratibu wake. Kuna wataalamu, kuna mafunzo kwa wataalamu, kuna umeme, ambao kamati ndogo bado inaujadili. Usikishike kitambaa hicho. Mama watoto, nimesema usi...

(Anavuta kitambaa. Chini yake ni mashine ya kutoa kopi, ile mbovu ya ofisini kwa Mheshimiwa, juu yake imewekwa runinga isiyo na waya. Umati unaguna. Mke anaitazama, kisha anamtazama mumewe. "Nilale juu ya hicho kioo?" Mheshimiwa anafunuafunua karatasi. "Basi nitolee kopi mbili. Moja niende nayo kaburini, nyingine ibaki kukupigia pasi." Vicheko vinaanza, vinakatika njiani.)

Ndugu wananchi, tusikuze mambo. Mashine ni mashine. Hii inaitwa mashine ya mpito, na katika awamu hii ya kwanza lengo lilikuwa kuonyesha umbo tu, ili mwananchi azoee. Hata nyumba huanza na ramani. Wewe, mama watoto, unashuka unakwenda wapi na hotuba haijaisha? Viatu vyako! (Anashuka na viatu mkononi, amejishika ubavu. Anasema neno na dereva. Dereva anafungua mlango wa gari la Mheshimiwa.) Dereva! Unafungua kwa idhini ya nani? Gari hilo ni la kazi maalumu! (Umati: "Ndiyo hiyo!") Lina foleni ya majukumu! (Umati: "Na yeye alikuwa kwenye foleni!") Tafadhali, heshima kwa mimbari. Mama watoto, usipande hivyo, kingazi chake kiko juu mno. Bibi Muuguzi, mshike mkono. Siyo huko, mshike kulia, kushoto ndiko kunakomuuma. (Muuguzi anamshika, anapanda naye. Gari linawaka.) Mwelezeni daktari mapema, asianze kubahatisha. Mwambieni ni ovari! Ovari ya kushoto!

(Ni mara ya kwanza analitamka. Spika inalitawanya uwanja mzima. Gari limeshatoka getini, vumbi linarudi peke yake.)

Nilikuwa wapi? Ukurasa wa kaulimbiu. Basi tuitikie kwa pamoja, kama karani alivyowafundisha asubuhi. Afya ya mama! (Sauti moja: "Imeshaondoka!") Mama akivumilia! (Umati: "Anazikwa!") Hapana, jamani, hapana, hapa imeandikwa, mama akivumilia, taifa linasonga. Mimi mwenyewe nilipitisha maneno haya. Niliyaona mazuri.

(Anazikunja karatasi. Karani anampungia mkono aendelee.)

Kwa kumalizia, shukrani. Nalishukuru duka la samani kwa kitanda. Naishukuru ofisi yangu kwa mashine ya kopi, ambayo hata kopi haitoi. Namshukuru fundi rangi aliyeandika neno lile zuri kwenye mlango wa stoo ya mafagio. Nawashukuru wadau wote wa semina, maana fungu la mradi tulilimaliza wote kwa pamoja, mlo baada ya mlo, na hakuna aliyeshindwa kula. Kitengo hakipo, ndugu zangu. Hakijapata kuwepo. Nilikisoma kwenye ripoti zangu mara nyingi mpaka nikakiamini, na kule nyumbani kuna mtu aliyeniamini mimi. Naogopa. Naogopa sana, na hilo karani hakuliandika.

(Karani anashusha mkono. Fundi wa spika anauachia waya.)

Sasa nina ombi, nje ya itifaki. Hapa kuna mwenye pikipiki anayeweza kuliwahi gari lile? Wewe pale mwenye kofia, tafadhali, kaka yangu. Nauli nitatoa mfukoni mwangu. Sihitaji risiti.