Ombi la Kusimamisha Undugu kwa Siku Mbili ili Sahani Zikaguliwe

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Vyombo vya Harusi na Misiba,
Mtaani kwetu, Mambrui.

Mheshimiwa Bi Swabra,

Shikamoo. Shikamoo hii ni ya umri wako tu. Najua wewe ni shangazi yangu, lakini mkaguzi akiwa kazini hana shangazi, kwa hivyo nakuandikia kama mtu nisiyemjua.

Likizo iliyopita nilisoma kozi ya fedha Malindi nikapata cheti. Mwalimu Dorcas aliniambia kwamba cheti hicho kinasaidia kuanza kazi ya ukaguzi, ila ofisi ya wakaguzi inayopokea wanafunzi inataka pia barua ya kuthibitisha kuwa nimewahi kukagua kitu. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kitu nilichokiona karibu ni sahani za mtaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kamati ilikidharau cheti changu. Bi Mahira aliuliza kama kimetaja sufuria mahali popote. Nilimjibu kwa adabu kwamba kimetaja mali, na sufuria ni mali. Bi Hadiya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

2. Daftari lasema sahani mia moja arubaini na nne. Stooni nimekuta sitini na moja. Nyingine zimo majumbani tangu Ramadhani. Hakuna anayekataa kuzirudisha, ila hakuna anayekubali kurudisha sahani tupu. Bi Fatu anangoja apate samaki wazuri. Nimeandika: "Sahani tatu, zinangoja samaki."

3. Alama ya kamati imepakwa rangi chini ya sahani, na kila nilikoingia nilipewa sahani iliyojaa. Sahani yenye kaimati haigeuzwi. Ilinibidi nile kwanza. Nyumba ya tisa niliikagua nikiwa nimelala mkekani, na hesabu ya hapo siiamini hata mwenyewe.

4. Kitabu cha kozi chasema mkaguzi asiwe jamaa wa anayekaguliwa. Nimechora nasaba ya mtaa mzima kwenye karatasi nne. Asiye jamaa yangu ni Mzee Kaingu peke yake, mlinzi wa shule, naye hana sahani yetu hata moja.

Kwa hivyo naomba kamati itangaze kwamba kuanzia Jumatatu alasiri hadi Jumatano alasiri hakuna aliye jamaa wa mwenziwe. Wenye ugomvi waendelee nao, kwani ugomvi unasaidia ukaguzi. Mama amekubali kutonijua, ila ameshikilia kwamba hata mgeni akilala kwake ataosha vyombo. Naomba pia sahani zote zirudi tupu, bila punje ya wali, na mtu asimpe mtu chochote.

Kisha naomba barua yako. Mistari miwili yatosha. Naitaka sana kazi hii, Bi Swabra. Hesabu zikikubaliana, mimi hulala vizuri.

Wasalimie watoto, babu na wanakamati wote, pamoja na Bi Mahira. Natumaini tutajuana tena Jumatano baada ya sala.

Mimi, asiye jamaa yako,
Mwanasiti Uweis,
Kidato cha Nne.

Nyongeza: Mama amenikataza kuja kwako mikono mitupu, kwa hivyo barua hii inakufikia na mkate wa sinia. Sahani ni ya kamati, lakini usiirudishe kwa haraka, shangazi. Ukiirudisha na ile achari yako ya ndimu, barua yangu ya Ijumaa uiweke pembeni, isiingie mafuta.