Mende Wangu na Sahihi ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mkuu wa idara, mama asiyecheka, ametangaza kikaoni kwamba mhadhiri asiye na makala iliyokubaliwa na jarida kufikia Ijumaa mkataba wake hauongezwi. Halafu akanitazama mimi. Kwa nini mimi? Hata Tanbihi akageuka kunitazama.

Tanbihi ni mwenzangu wa meza ya pili. Jina tumempa kwa sababu hata ukimsalimia anauliza umeitoa wapi hiyo. Makala yake ilishakubaliwa. Eti alitumia mwaka mzima kuirekebisha. Mwaka mzima! Mjinga kabisa.

Makala ninayo. Mende wa mabwenini na jinsi wanavyochagua kabati. Jasho la miaka mitatu. Mke wangu amevumilia mende kwenye chupa juu ya friji. Aliondoka mara moja tu, akarudi. Nikifukuzwa sasa, nitamwambia nini?

Jumanne, 4 Machi

Mungu si Athumani! Asubuhi nimepata barua pepe: "Mpendwa Profesa Mashuhuri." Mimi si profesa, lakini nani anakataa heshima? Ni Jarida la Kimataifa la Sayansi Zote na Tiba ya Meno. Mende wanaingilia wapi? Sikuuliza. Nikatuma makala, nikalipa ada kwa pesa ya mapazia ya mke wangu (hajui). Kufika mchana, imekubaliwa!

Tanbihi akauliza nani amewahi kulisoma jarida hilo. Nikamwambia wivu utamuua. Barua ya kukubaliwa hata sikuimaliza. Nikaichapisha nakala mbili, moja nikaitupia kwenye trei ya mkuu wa idara, nikatoka napiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nyumbani, wakati wa chai, nilitoa nakala yangu niisome kwa raha zangu. Nikafika kwenye sahihi. Kikombe kikanitoka.

Mhariri Mkuu ni Mzee Wembe! Msimamizi wangu wa zamani, aliyekuwa akikata kazi za watu kwa wino mwekundu. Amefariki! Jeneza nililibeba mwenyewe, upande wa miguu. Lilikuwa zito, na humo ndani hakuna aliyekuwa akihariri chochote. Sasa ameandika kwamba kazi yangu ni bora kabisa. Alipokuwa hai, neno lake zuri kuliko yote kwangu lilikuwa "kaa chini."

Mke wangu akasema wafu hawatumi barua pepe, walio hai ndio wanaotumia majina yao, na kwamba nimetapeliwa mchana kweupe. Afadhali ungekuwa mzimu!

Kisha nikakumbuka jambo. Mkuu wa idara ni mjane wa Mzee Wembe. Na barua iko kwenye trei yake.

Nikakimbia kazini. Mlango wake ulikuwa wazi, ofisi tupu. Nikaanza kupekua trei. Viatu! Viatu vyake, ko-ko-ko, kwenye korido. Nikajibanza nyuma ya kabati la mafaili. Huko nikamkuta mende. Kachagua upande wa giza, kama nilivyoandika. Hata katika hofu ile nilijisikia fahari kidogo. Mama akaketi. Karatasi zikachakarika. Halafu, bila kugeuka, akaniambia nitoke huko.

Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuweza kuendelea.

Mama hakufoka. Ingekuwa nafuu! Alisema katika ndoa yao yote marehemu hakuwahi kumwambia hata yeye kwamba kitu ni bora kabisa. Akafuta macho. Nikaomba ardhi ipasuke inimeze. Akasema tangu alipoiona barua Jumanne ameshawaandikia matapeli hao walifute jina la mumewe. Wakamjibu kwa kumkaribisha kwenye bodi ya wahariri.

Akaniuliza kwa nini sikumwandikia hata mhariri mmoja kuhakikisha yupo. Kwa nini sikushtuka kusifiwa na watu ambao hawakuniuliza swali hata moja? Makala ikitoka huko, akasema, hakuna jarida la maana litakaloipokea tena. Mende wangu wote watakuwa wamekufa bure. Niiondoe, nimletee uthibitisho Ijumaa kabla ya saa nane, naye atanitetea kwenye kamati ya mikataba. Nikaapa kwa jina la mama yangu.

Nikawaandikia. Wakajibu kwamba kuondoa makala ni marufuku. Mhariri peke yake ndiye anayeweza kuikataa. Je, Profesa Mashuhuri angependa kuwa mhariri?

Akili ni nywele! Nitaingia, niikatae makala yangu mwenyewe, nitoke. Nimekubali. Mke wangu ameshika kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeteuliwa kabla chai haijapoa. Kazi ya kwanza ikaletwa hapohapo: makala ya mende. Saa saba na nusu. Mama anangoja. Kidole kiko juu ya "Kataa."

Lakini mhariri mwenye haki hakatai kazi bila kuisoma. Nikaisoma, mwanzo hadi mwisho. Jamani! Hoja zinatiririka! Majedwali yamenyooka! Nani angekuwa na moyo wa kuikataa kazi kama hii?

Nimebonyeza "Kubali," na nimependekeza itoke mbele kabisa.