Rangi ya Kumkaribisha Maka

Jumamosi, 3 Septemba 1966

Maka hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kibuyu chake cha maziwa, akachungulia sebule yangu, akauliza kama kuna mtu. Nilikuwa nimekaa hatua tatu mbele yake! Nikakohoa. Akasema sauti anaisikia, mdomo uko wapi?

Halafu akaniita adeer. Adeer ni baba mdogo, mtu wa kuamkiwa kwa heshima na kuachwa apumzike. Mwanamume aliyeposa haitwi adeer. Keinan mwenye hoteli anamwita walaal, yaani ndugu. Keinan ana mvi kunishinda. Anazitia hina.

Mambo yako hivi. Mke wangu Arbia alifariki miaka mitatu iliyopita. Maka ni mjane, anauza maziwa, akicheka hufunika pua badala ya mdomo. Nimemposa. Keinan naye amemposa. Kaka yake Maka, Mzee Dagane, atakuja kwangu Ijumaa baada ya sala, anywe chai na kuitazama nyumba. Jumamosi ataenda kwa Keinan. Kisha watatoa jibu, moja tu. Sebule ya Keinan ni nyeupe kama kanzu ya Idi. Yangu ni kama ndani ya buti la askari.

Kabla ya kuondoka, Maka alisema hana neno nami, ila hataki kuolewa na sauti.

Nimeamua. Nitapaka rangi.

(Naandika kwa Kiswahili kwa sababu dada yangu Faduma, tunayekaa naye, anasoma Kiarabu tu. Na anasoma kila anachokikuta.)

Jumapili, 4 Septemba

Faduma anasema tatizo si rangi, ni dirisha. Kweli nililipigilia bati tangu ilipotoka amri kwamba usiku taa isionekane barabarani. Watu wengine hufunga jioni na kufungua asubuhi. Mimi nilipiga misumari kumi na minne, nikamaliza kazi mara moja. Huko ndiko kutumia akili. Nikamwambia Faduma mambo ya rangi hayajui.

Nikaenda dukani kwa Kerrow kutafuta chokaa. Hakuna hata kijiko! Yote imechukuliwa na kambi kupaka mawe ya kando ya njia. Mawe yanang'aa, sisi tunapapasa. Kerrow ana makopo manne tu ya rangi ya mafuta, yaliyokuja na msafara wa malori kutoka Thika, na karatasi zake zimebanduka. Anayajua kwa mifugo. La kwanza ni ulimi wa mbuzi. La pili ngamia mzee. La tatu ofisi ya serikali. La nne, akashusha sauti, maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

Bei ikanitoa jasho. Nikasema nitafikiri. Kumbe nimeshafikiri. Mimi ni mkalimani wa baraza, na kesho kuna baraza. Chokaa ya bure iko mikononi mwa afisa wa serikali anayesimamia baraza.

Jumatatu, 5 Septemba

Mpango safi. Mzee Dagane mwenyewe ndiye aliyesimama kusema. Alieleza kwa robo saa jinsi mifugo inavyozuiwa kufika mtoni baada ya saa kumi, na jinsi ng'ombe wanavyolia. Alisema vizuri, hata mimi koo lilinikauka. Nikamtafsiria afisa: mifugo ina kiu. Kazi yangu ni kufupisha. Kwa hiyo hubaki na nafasi. Katika nafasi hiyo nikaongeza kijimkia kidogo: na wazee wanaomba chokaa, mji upendeze.

Afisa alifurahi mno! Akasimama. Akasema kuhusu maji ataandika barua Nairobi. Kuhusu chokaa, atatenda mara moja. Kesho saa moja asubuhi wazee wote wafike bomani, watapewa chokaa, brashi na mawe.

Mawe?

Ikabidi niwatafsirie. Mzee Dagane aliniuliza mara tatu kama nimesikia sawasawa.

Jumanne, 6 Septemba

Wazee kumi na mmoja wamechuchumaa kando ya barabara wakipaka mawe. Mzee Dagane amevaa shali lake jeupe la Ijumaa, kwa sababu alidhani ni mkutano. Keinan alikuja kuwatazama na birika la chai, akawamiminia bure, akasema haya mambo ya ajabu yanatoka wapi. Akanitazama. Nikatazama mto.

Msimamizi wa chokaa ni Duba, Mborana wa huko Wajir, rafiki yangu. Nikamnong'oneza kuhusu ndoo moja. Akasema, "Bwana Dekow, hii chokaa nahesabiwa kama risasi. Wewe unataka, shika brashi." Nikashika, nikitumaini kujipakulia kidogo. Nimepaka mawe arobaini. Nimerudi na chokaa kwenye nyusi tu.

Afisa alipowashukuru wazee, nilitafsiri shukrani zote, neno kwa neno. Hawakuzipokea.

Nimeuza saa yangu. Kesho nanunua maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

Jumatano, 7 Septemba

Stoo ya Kerrow haina dirisha. Akafungua kopo chini ya fanusi, akakoroga kwa kijiti. Rangi laini, nyeupe yenye ukarimu, kama maziwa kweli. Nikataka kulitoa nje nilione juani. Lakini Keinan alikuwa mbele ya duka, ananunua sukari kwa kelele, na sikutaka ajue. Nikachukua hivyo hivyo, nikafunika kopo kwa koti, nikapita kwa mlango wa nyuma kama shifta, wale waasi wa porini wanaowindwa na askari. Askari wa kona akanisimamisha! Nikafungua koti. Akachungulia, akauliza kama nachora ramani. Nikasema napaka nyumba, nataka kuoa. Akaniachia, akanitakia subira.

Kwanza ilibidi kusugua kuta. Masizi yale ni ya miaka kumi na mitano ya uunsi, udi wetu, ambao Arbia aliufukiza kila jioni. Nilipomwagia maji ya moto, harufu yake ikarudi chumbani yote kwa pamoja, kama vile Arbia amekwenda kisimani tu. Nikakaa kwenye gunia. Faduma akaingia, akaona, akatoka, akarudi na chai, hakusema kitu. Hiyo ni mara ya kwanza tangu azaliwe.

Halafu nikapaka. Rangi ilikuwa nzito kama asali, haitandaziki. Kerrow alisema rangi ya mafuta huzimuliwa kwa mafuta. Mafuta ya taa hupatikana kwa kibali. Lakini samli tunayo! Nzuri, ya ng'ombe wa Ijara. Nikayeyusha vikombe viwili, nikakoroga. Ikateleza vizuri sana. Watu huteseka bure kwa kutofikiri.

Alhamisi, 8 Septemba

Haijakauka.

Faduma aliamka akikohoa, akasema atakufa kabla ya harusi, akachukua mchi wa kinu na kulibandua lile bati. Misumari yote kumi na minne! Mwanga ukamwagika ndani.

Ni manjano. Si maziwa. Ni manjano ya bizari, manjano ya mtu mwenye ugonjwa wa ini. Kumbe mwanga wa fanusi hufanya hata manjano ionekane nyeupe. Nikamfuata Kerrow, akaniapia kwamba ng'ombe wengine hutoa maziwa ya hivyo.

Hata hivyo nasema ukweli: sebule inang'aa. Nimeona mkeka wangu una maua, sikujua. Faduma anadai ni dirisha. Nimemweleza kwa upole kwamba rangi ndiyo inayofanya kazi.

Shida ni harufu, nusu duka la rangi na nusu jikoni. Wageni hawawezi kuingia hivi. Kwa hiyo baada ya alasiri Faduma alifanya kinachofanywa na kila mwanamke wa heshima akitarajia wageni: akajaza chetezo uunsi, akafunga mlango, akaachia moshi. Moshi ukaiona rangi mbichi, ukaganda. Sasa ukuta una madoa meusi juu ya manjano, kutoka chini hadi dari. Faduma akautazama, akauliza kama nilitaka chui au fisi.

Paka wa jirani yuko ukutani analamba.

Ijumaa, 9 Septemba

Mzee Dagane alifika na Maka. Maka aliingia ndani! Alikaa! Akazungusha macho ukuta hadi ukuta, akafunika pua. Nilidhani ni harufu. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda wa chai moja. Mzee Dagane aliuliza afya yangu, mbuzi wangu, kazi yangu. Alipofika kwenye kazi alizitazama kucha zake, bado zina chokaa. Kisha, kama mtu mzima aliyepaka mawe siku nzima, akaegemea.

Nilimwona akienda nyuma. Ningeweza kusema. Lakini ukimwambia mgeni asiguse ukuta wako, umekiri kitu kuhusu ukuta. Nikammiminia chai ya pili.

Aliposimama, ukuta ulitoa sauti. Shali lake jeupe lilikuwa na mgongo mzima wa manjano na madoa. Yeye hakujua. Sisi tukajua. Maka akainama kufunga kiatu, na havikuwa viatu vya kufungwa. Mzee akatoka na heshima zake zote, na paka watatu nyuma yake.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimgeuza mara mbili, wakaitana. Wakampa jina: Mzee Samli. Mji mzima ulilijua kabla ya saa ya kafyu.

Keinan amenitumia salamu za pole na keki.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimekwisha. Nimekaa tangu asubuhi nikisubiri kusikia harusi ya Keinan. Faduma hakunisema hata neno. Ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Saa tisa, hodi. Ni Maka, na kaka yake nyuma amevaa shali la kuazima, amesimama katikati ya sebule mbali na kila kitu.

Maka alikaa dirishani. Akaniambia wametoka kwa Keinan. Sebule nyeupe kweli. Keinan aliwaonyesha kuta kwa saa mbili. Alimwomba Maka asiziguse, na akasema akiwa mke wake, vibuyu vya maziwa vitabaki nje kwa sababu husafishwa kwa moshi, na moshi huchafua kuta. Maka akamuuliza, na mimi nitakaa wapi nisichafue? Keinan alifikiri kidogo! Alifikiri, akasema, uani kuna kivuli.

Halafu Maka akaniuliza ni nani aliyeomba chokaa barazani. Nikasema kulikuwa na mchanganyiko wa maneno. Akasema, "Usinifupishie. Sema yote."

Sijazoea. Lakini nikasema. Nikasema ni mimi, nilipachika mkia kwenye maneno ya kaka yake, na kuhusu saa niliyouza, na samli, na kwamba nilitaka mwanga ili asinisikie tu, anione. Na kwamba nyumba hii imekuwa kimya miaka mitatu, isipokuwa Faduma. Nilizungumza muda mrefu kuliko mzee yeyote barazani.

Mzee Dagane akalipuka. Alianza na mawe, akaenda kwenye shali, akaja kwenye paka, akataja ukoo wangu hadi babu wa sita, akanyoosha fimbo, akaishusha, akarudi kwenye mawe. Robo saa nzima. Mimi Kisomali nakijua tangu tumboni, kila neno lilinifikia.

Alipomaliza, Maka akanigeukia akasema, "Anasema sawa."

Mzee Dagane akafungua mdomo. Dada yake akamtazama. Akaufunga. Kisha akaomba chai, akainywa amesimama.

Maka alitoa masharti mawili. La kwanza, nikwangue kuta zote zibaki udongo mtupu. La pili, niape mbele ya kaka yake kwamba sitagusa tena ukuta wa nyumba hii kwa rangi maisha yangu yote. Nikaapa. Maka akaongeza kwamba kopo lililobaki nikalitupe mtoni.

Akaondoka. Mlangoni akasema, kwaheri, Dekow. Dekow!

Jumamosi, 17 Septemba

Nikaha ilisomwa Alhamisi, mchana, mapema, kwa ajili ya kafyu. Duba alikuja na mbuzi. Kerrow alikuja na maneno.

Kuta ni udongo. Dirisha liko wazi hadi jioni. Maka anasema sebule ni nzuri, inatosha, kila kitu kinaonekana, na mtu anaweza kupumua. Faduma anakubaliana naye. Wanakubaliana kuhusu mambo mengi mno kwa wiki moja.

Nimefurahi. Mambo yote yamekwenda kama nilivyoyapanga.

Jambo moja tu. Sasa kwa kuwa sebule ina mwanga, nimeuona mlango. Ni mlango wa kusikitisha. Rangi ya ngamia mzee, tena aliyekufa. Mgeni akifika anaanza kuona mlango, hajaona ukuta.

Nimekikumbuka kile kiapo neno kwa neno. Ndiyo kazi yangu. Kilitaja ukuta. Mlango hakuna aliyeutaja.

Kopo sikulitupa, liko chini ya gunia, lina robo. Ni zito kidogo, lakini samli ya harusi imebaki. Maka na Faduma wamekwenda kukamua. Mzee Dagane anakuja kutuona alasiri.

Mpaka wakati huo itakuwa imekauka.