Mgao wa Kasha la Fabian

Jumatano, 9 Julai

Nimeshuka Kiboriloni na kasha la marehemu mwanangu Fabian, nimelifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Watu wanachungulia. Kijana mmoja akaniuliza mbona mjukuu halii. Nikamwambia huyu kalelewa, si kama wewe. Mjinga!

Kasha lenyewe jeusi, ukubwa wa tofali. Fabian alikuwa anapiga video za harusi na misiba, mlima mzima unamjua. Kila alichopiga alikituma humo ndani kwa waya, kikakaa kama mahindi ghalani. Sasa yeye hayupo. Picha yake sina, ila ile ndogo ya kitambulisho, kanuna. Nani ampige picha mpiga picha? Lakini sauti yake imo humo. Nyuma ya kila harusi yupo, anawaambia watu songeni, songeni. Ninaitaka sauti ile. Jumamosi ya wiki ijayo ni misa yake ya mwaka. Nataka ukoo wote ukae uani kwangu umsikie. Uani kwangu, si kwa mtu mwingine!

Ila kasha halisemi. Umeme ulipiga wakati wa masika, na tangu hapo linawasha taa moja nyekundu. Linanikodolea jicho tu.

Fundi ni mama mmoja anaitwa Yuditha, kibanda chake kiko nyuma ya wauza mitumba. Ana mdomo huyo! Alisema akili ya kasha imekufa, na waliolitengeneza wameshalitupa mkono. Diski ndizo zenye kumbukumbu, nazo huenda ni nzima. Ataliwekea akili nyingine, inaitwa Linux. Nikauliza kama hiyo Linux ni ya Wakatoliki. Akasema ni ya watu wote, haina mwenyewe. Sijapenda. Mgomba wangu mmoja ulikuwa hauna mwenyewe, ukaliwa na mbuzi wa jirani.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimeona makubwa. Kasha halina kioo wala vibonye vya kuandikia. Yuditha kalifungua kwa bisibisi, akanionyesha pini nne zimesimama ndani kama meno ya mtoto. Akashikiza nyaya tatu: moja ya kusikia, moja ya kusema, ya tatu ya ardhi. Ncha za pili kwenye kompyuta yake. Alisema huo ndio mlango wa uani. Kasha likikufungia mlango wa mbele, unaingilia huko.

Akawasha. Yakamwagika maandishi ya ajabu, nukta na mikwaruzo. Nikasema hicho ni Kirombo. Akasema hapana, kasha linaongea haraka na kompyuta inasikiliza polepole. Kumbe yeye mwenyewe ni Mrombo! Alininunia. Akabadili kasi, maneno yakanyooka. Kizungu kitupu. Sikuona nafuu.

Sasa sikia. Kasha likiamka, kabla akili haijapanda, linangoja sekunde chache. Ukigusa kibonye wakati huo linasimama, linakusikiliza. Usipogusa, linakimbilia ile akili iliyooza na kuganda. Nikaelewa upesi. Marehemu mume wangu Ildefonce alikuwa hivyo akitoka kwenye pombe ya mbege. Umwambie neno lako mlangoni. Akishaketi, umemkosa.

Nyaya zilikuwa zinalegea, Yuditha akazishika kwa mkono mmoja, wa pili kwenye swichi. Akaniambia bibi, nikisema sasa, bonyeza. Akasema sasa. Nikafanya ishara ya msalaba kwanza. Muda ukaisha. Akaniomba msalaba niufanye kabla. Nikaufanya kabla. Akasema sasa. Kidole kiko tayari, nikakumbuka sijamtaja Mtakatifu Antoni, yule wa vitu vilivyopotea. Muda ukaisha. Safari hii akauliza kama kwangu chai huwa inachemka siku hiyohiyo. Nikabonyeza kwa hasira, nusura kibonye kitokee upande wa pili.

Kasha likasimama! Kialama kidogo kikawa kinapepesa, kinangoja amri. Kasha la mwanangu linanisikiliza mimi, mtu wa darasa la nne. Nikainama nikaliita: Fabian.

Yuditha akasema polepole kwamba halisikii mdomo, linasikia maandishi. Angesema mapema! Nilikuwa nimeshalia.

Ijumaa, 11 Julai

Yuditha kaliamuru kasha lichukue Linux kutoka kwenye flashi. Mistari ikapanda kama siafu. Mwishowe taa ya kijani! Nikapiga kigelegele, wauza mitumba wakaja kutazama bibi harusi.

Kisha akachungulia ndani. Akauliza diski ya pili iko wapi, maana kasha lina vyumba viwili.

Nikamweleza bila aibu. Baada ya matanga tuligawa vitu vya Fabian. Mgawaji wa ukoo ni shemeji yangu Jovin. Huyo akigawa mbuzi, kidari kinakwenda kwa mwenye kidari na mbavu kwa mwenye mbavu, hakuna wa kununa. Alipofika kwenye kasha alitaka lipewe mtu mmoja. Nikasimama. Nikasema ndani kuna vitu viwili, kimoja cha mama, kimoja cha mke. Nikavichomoa kwa mkono wangu. Aikande, mke wa Fabian, akapata chake. Mimi nikachukua changu na ganda lake. Haki ikatendeka.

Yuditha akalaza kichwa mezani. Kisha akasema Fabian alizifunga zile diski mbili zikawa kama moja. Kila video imekatwakatwa, kipande huku, kipande kule. Mimi sina nusu ya video. Sina hata neno moja zima la mwanangu.

Akaniuliza kama mbuzi akishagawanywa huwa anaendelea kutembea.

Nimeondoka bila kuaga.

Jumapili, 13 Julai

Diski ya pili iko kwenye mji mdogo wa Kwa Sadala. Aikande alirudi kwa wazazi wake baada ya msiba. Walutheri wale. Watu wanasema nilimfukuza mimi. Uongo! Nilimwambia tu, mbele ya waombolezaji, kwamba machozi yake ni machache, na kama yamebaki mengine akayamalizie kwao. Akachukua maneno vibaya. Watoto wa siku hizi ngozi laini.

Baada ya misa Jovin kanivuta pembeni. Kaniambia shemeji, chuma isale, umpelekee. Jani la isale likiletwa mlangoni hakuna Mchaga wa kukataa msamaha, anaijua mila hata mtoto. Nikamjibu kwamba masale yangu yako mpakani mwa kihamba changu cha migomba na yatabaki hapohapo. Anayebeba isale ni mwenye kosa. Mimi nibebe la nini?

Nina akili nzuri zaidi. Kule kwa Yuditha kuna ndoo ya diski mbovu. Jana nilirudi, nikajifanya nimesahau kitenge, nikachota moja inayofanana na yangu. Nitamtembelea Aikande kama mama mwema. Nitabadilisha. Yeye hana kasha. Nzima au mbovu, kwake ni chuma tu.

Jumatatu, 14 Julai

Kwa Sadala, na ndizi zangu kichwani. Aikande aliniona toka mbali akakimbia kunipokea mzigo. Shikamoo mama. Goti hadi chini. Amekonda. Nikamwambia amekonda. Akasema ndiyo, mama.

Akanipa kiburu cha ndizi na maharage, na maziwa mgando. Kiburu kilikuwa kizuri, sikumwambia. Kisha akaenda kumkatia ng'ombe majani. Nafasi ndiyo hiyo!

Nikaingia chumbani. Diski niliikuta kwenye sanduku, imeviringishwa ndani ya shati la Fabian la bluu, lile alilofungia ndoa. Mwaka mzima halijafuliwa! Nikataka kumsema. Nikalinusa.

Sikujiandaa kwa hilo. Nimekaa kitandani diski mbili mapajani, shati usoni. Sijui nimekaa kiasi gani. Nikasikia ndoo uani. Nikatupia diski moja kwenye shati, nyingine kwenye kitenge changu, nikalikunja shati, nikatoka. Nikasema nilikuwa natafuta choo. Akasema choo kiko nje, mama. Nikasema najua.

Njia nzima nimecheka peke yangu. Mimi!

Jumanne, 15 Julai

Yuditha kaiweka diski kwenye kasha. Ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama kuku anadonoa bati. Akaichomoa, akaigeuza. Kuna alama ya wino mwekundu. Anaziwekea mbovu zote.

Nimekwenda Kwa Sadala na diski mbovu, nimerudi na diski mbovu.

Nikasema tatizo ni miwani. Yuditha akasema hajawahi kuniona na miwani. Nikamwambia ndilo tatizo.

Jumamosi inakuja. Ukoo nimeshaualika.

Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi nafagia uani, naona Aikande anapanda njia. Mkono mmoja kikapu. Mkono mwingine isale.

Nikamwita Jovin kwa sauti ya kufika bondeni.

Aikande kapiga goti, kashika isale kwa mikono miwili. Kasema kama aliniudhi mahali, nimsamehe. Basi. Hakusema la machozi, hakusema la sanduku. Ila nilipomwuliza kilichomleta, akasema alikuta shati la Fabian limekunjwa kwa namna yangu, mikono nyuma, kola juu. Fabian alikuwa anakunja hivyohivyo. Akaelewa ninachotafuta. Kafungua kikapu, diski hii hapa.

Nikapokea isale. Nikamsamehe kwa sauti, majirani wasikie. Jovin alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamwambia unaona? Mwenye kosa amejitambua.

Tukashuka Kiboriloni sote wawili. Yuditha akaingiza diski zote mbili, akachomeka kompyuta, akaandika kidogo. Kasha likakoroma.

Halafu mwanangu akasema: "Songeni, jamani, songeni! Bwana harusi anakatika kichwa!"

Yuditha akazima redio yake. Aliyekuwa anapima suruali nje akachungulia.

Video ya pili ni kihambani kwangu. Nachuma kahawa. Nageuka, namwona na kamera, namkemea: ondoka hapa, mtu mzima ovyo! Picha inatikisika. Inatikisika kwa sababu anacheka. Kacheka mpaka kamera ikaangalia majani ya migomba tu, na kicheko kinaendelea. Aikande akanishika mkono. Nikauacha.

Ingekuwa vizuri tungekomea hapo. Yuditha akafungua nyingine. Aikande yuko jikoni, anamenya ndizi. Na mwanangu anasema, taratibu, sauti ambayo mimi siijui: "Mae, geuka kidogo nikuone."

Mae! Mae ni mimi! Ndivyo alivyoniita tangu meno hayajaota. Nikautoa mkono wangu. Yuditha akasema bibi, mlima mzima kila mwanamke ni Mae, hata muuza mkaa anamwita hivyo. Nikamwambia muuza mkaa sikumzaa mimi.

Yuditha akataka kunakili video zote, kila mmoja wetu awe na zake, kisha hata diski ikifa hakuna kinachopotea. Nikakataa. Mke awe na sauti nzima na mama awe na sauti nzima, sawa kwa sawa? Nani alimbeba tumboni? Aikande akasema iwe anavyotaka mama. Kasha nimelipandisha nyumbani mgongoni.

Jumamosi, 19 Julai

Misa nzuri. Padri alitaja jina vizuri. Uani kwangu watu wamejaa hadi kwenye masale. Jovin alitundika shuka jeupe ukutani, akaweka na projekta ya kuazima.

Aikande alifika kabla ya jogoo. Kapika, kagawa mbege, kaosha vyombo. Na watu hawana haya! Kila mmoja anamsifu. Shangazi wa ukoo kanipita mimi mlangoni, kaenda kumkumbatia yeye. Kamwambia pole Mae, umemlilia mumeo mwaka mzima.

Nikaingia ndani. Nikasema naenda kuliweka kasha sawa. Nikachomoa diski yangu. Yangu, niliyogawiwa mbele ya ukoo. Nikaifunga kwenye kitenge kifuani.

Watu wakakaa. Aikande akawasha. Shuka likabaki jeupe. Akawasha tena. Yuditha, ambaye nilimwalika ale tu, akatoa nyaya na kompyuta yake kwenye mkoba, akazishikiza, akasoma. Akasema kwa watu wote kwamba kasha ni zima, Linux ni nzima, ila diski moja haipo. Akanitazama. Jovin akanitazama. Nami nikatazama migomba.

Walisubiri. Kisha wakala. Kisha wakaanza kuaga, mmoja mmoja, bila kupiga kelele, kama siku ile ya mazishi. Aikande alilia, nyuma ya jiko. Machozi safari hii yalikuwa mengi, nakiri.

Kabla hajaondoka aliniambia diski yake imo kwenye kasha, nibaki nayo, labda nitapenda kumsikiliza nikiwa peke yangu. Unaona jeuri? Ananipa! Nimempa Jovin amrudishie njiani. Mimi sili fungu la mtu.

Uani sasa hamna mtu. Nimekaa na fungu langu. Nimeliweka sikioni, baridi kama jiwe la mtoni. Nikasema songa, mwanangu, songa nikusikie.

Kimya.

Yote haya kayaleta Aikande. Akilitambua kosa lake, masale anajua yanakoota.