Mazoezi ya Kukimbia kwa Gari Nyeusi

Mubi, Jumanne, tarehe 5 Oktoba 2010

Stéphane anaondoka. Serikali imefunga machimbo, na yeye kazi yake ilikuwa kununua mawe ya dhahabu kutoka Omate. Anauza kila kitu: mizani, matanki, hata mlango wa depo yake. Na gari! Ile jeep nyeusi yenye viti vya ngozi, iliyotoka Ubelgiji.

Miaka miwili nimeiangalia kutoka mlangoni mwa duka langu. Leo niliigusa.

Nilimwambia Kavira, mke wangu, kwamba familia inahitaji gari. Akauliza gari ya kwenda wapi. Nikasema si ya kwenda, ni ya kukimbia. Mwezi wa nane, vita viliposogea, tulikimbia kwa miguu: mimi, yeye, mama yake na watoto wanne. Siku tisa porini. Tulirudi na malaria. Na Constantin, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, alikimbia namna gani? Juu ya kamyo yake, lori la mizigo, amekaa kwenye kiti. Kwenye kiti! Alitupita huku anatupungia mkono.

Kavira alisema siku ile Constantin alisimama, akatuomba tupande, na ni mimi niliyekataa. Hilo si jambo la kuzungumza leo.

Jumatano, tarehe 6

Nimepima. Nilichukua karatasi nikapiga mstari katikati. Uzuri upande huu, ubaya upande ule.

Uzuri. Viti saba. Mimi, Kavira, mama mkwe, watoto wanne: saba! Baridi inatoka kwenye matundu. Vioo vinashuka kwa kidole kimoja. Televisheni mbili ndogo nyuma ya viti. Unabonyeza kifungo, gari inainuka yenyewe kama ng'ombe anayeamka.

Ubaya. Inakunywa esanse, yaani petroli, kupita kamyo. Vipuri havipatikani hapa, wala Goma. Kutoka Goma kuja Mubi ilitumia siku kumi na saba, na nyingi kati ya hizo ilivutwa kwa kamba. Na wakati wa vita gari nzuri inapata wenyewe wengi. Kila mwenye bunduki ataiomba, ya kuazima kidogo tu.

Upande wa ubaya ulikuwa unajaa haraka. Niliacha kuandika upande ule.

Stéphane amekubali niijaribu kwa wiki moja. Atashika jenereta ya duka kama rehani. Kavira aliuliza friji itawashwa na nini. Nilimjibu kwamba familia inakuja kwanza, vinywaji baridi baadaye.

Alhamisi, tarehe 7

Imefika! Iko nyuma ya duka.

Gari ina mwanamke ndani. Ukiwasha, anazungumza, kwa sauti nzuri, katika lugha isiyo Kifaransa. Watoto walimsalimia. Nilidhani naye anatusalimia. Kisha Abbé Valentin, padri wetu, ambaye alisoma Ubelgiji, akaja kununua mishumaa, nikamwomba asikilize. Alisikiliza kwa makini, mkono kwenye sikio. Akasema ni Kiflama, lugha ya Ubelgiji. Mwanamke anasema kwenye ramani yake hapa hakuna barabara.

Nilimwambia abbé kwamba huyu mama anaijua Walikale yetu vizuri.

Nilimwita Habineza, fundi wa magari, mtu wa Masisi aliyehamia hapa wakati vita vilipofika kwenye mashamba ya baba yake. Alilala chini ya gari muda mrefu. Alipotoka uso wake haukunifurahisha. Alisema:

"Papa Édouard, hii motokari haina na ressorts za chuma. Iko na mifuko ya hewa tu. Siku itatoboka, utafanya je?"

Nikamwambia Wabelgiji si wajinga. Akasema hapana, Wabelgiji si wajinga, lakini wao wako na barabara.

Jioni Constantin alivuka, akaizunguka gari mara mbili, akauliza kama nimeanza kazi ya kupeleka maiti. Wivu!

Ijumaa, tarehe 8

Mpango wa kwanza: kuifanya gari iwe mbaya, wenye bunduki wasiitamani. Tangu asubuhi niliipaka udongo, milango, kioo cha nyuma, yote. Ilipendeza kwa ubaya wake. Kavira alisimama kando akiwa amejishika kiuno. Alisema hajawahi kuona mtu anayetafuta gari nzuri ili aifiche.

Saa tisa mvua. Mvua ya Mubi! Saa kumi gari ilikuwa inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani. Na nani alikuwa anapita? Sajini wa bariera, kizuizi cha askari barabarani. Alijitazama kwenye mlango kama kwenye kioo, akarekebisha kofia. Akasema Jumatatu commandant wake atakuwa na safari.

Nikamwambia breki ni mbovu. Akasema commandant hapendi breki.

Jumamosi, tarehe 9

Mpango wa pili, na huu ni mzuri. Gari ya kukimbilia haina faida kama familia haijui kukimbia nayo. Watu wanakufa kwa kukosa utaratibu. Kesho baada ya misa tutafanya mazoezi. Nitapiga filimbi, kila mtu atatoka na mzigo wake na kukaa mahali pake. Nitapima kwa saa.

Nimeandika orodha na kuibandika ukutani. Kavira: cherehani na nguo. Mkubwa: magodoro mawili. Wa pili: mfuko wa mchele. Wa tatu: kuku. Consolée, mtoto wetu wa mwisho, ana miaka sita: casserole, ile sufuria, na kifuniko chake. Mimi: usukani.

Mama Verdiane, mama mkwe, amekataa. Alisema yeye hataingia kwenye jeneza lenye vioo, na kwamba akikimbia atakimbia kwa miguu yake, inayojua njia. Nimemfuta kwenye orodha. Nafasi yake nimeipa mfuko wa chumvi.

Nimewaonya wote: siri! Constantin akijua, kesho kutwa naye atafanya mazoezi.

Jumapili, tarehe 10

Ninaandika kwa shida. Nitaeleza kwa mpangilio.

Saa nane mchana nilipiga filimbi. Walitoka vizuri. Magodoro juu, kuku ndani, cherehani kwenye mapaja ya Kavira. Dakika kumi na moja. Nilitaka nane, kwa hiyo nikawaambia washuke turudie.

Mara ya pili walikuwa wanapakia haraka kweli. Hapo Mukashema, mama wa mandazi, akapita na beseni lake. Akasimama. Akauliza kuna nini. Nilikumbuka siri. Nikamwambia hakuna kitu, arudi kwake, na asimwambie mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipokosea, Kavira anasema. Mimi sioni ningesema nini kingine.

Mukashema aliweka beseni chini, mandazi na yote, akakimbia. Nilisikia sauti yake ikienda mbali: "Papa Édouard anakimbia! Iko na ndugu kule Goma, wamemupigia telefone! Anajua!" Milango ikaanza kufungwa. Mmoja, miwili, kisha yote pamoja. Watu wakatoka na magodoro, mabeseni, watoto mgongoni, mbuzi. Pikipiki zilipita na watu wanne wanne. Constantin aliwasha kamyo yake, watu wakaipanda kama siafu.

Niliwatazama wote hao wanakimbia. Nikajiuliza: wao wanajua nini ambacho mimi sijui? Nikaruka kwenye usukani, nikapiga kelele kwamba si mazoezi tena!

Niliwasha. Mwanamke akasema maneno yake. Taa nyekundu ikawaka. Kisha chini yetu kitu kikatoa pumzi, pole pole, kama mzee anayekaa, na gari ikashuka. Ikashuka upande wa kushoto, ikashuka upande wa kulia, ikalala kwa tumbo. Nilibonyeza kile kifungo. Nilikibonyeza mara nyingi. Magurudumu yalikwama ndani ya mabati yake, hayakugeuka hata kidogo.

Mubi yote ilitupita. Askari wa bariera nao walipita, sajini mbele, kofia mkononi. Hakuna aliyetutazama.

Tukabaki peke yetu. Mama Verdiane alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka na rozari yake. Akauliza nani anatukimbiza.

Kavira aliteremka, akafungua milango yote, akahesabu watoto. Akahesabu tena. Consolée hakuwemo. Wa tatu alisema alimwona akirudi ndani kuchukua kifuniko cha casserole, kwa sababu kiliandikwa kwenye orodha.

Ndani hakuwepo. Nyuma hakuwepo. Barabarani hakuwepo mtu.

Jumatatu, tarehe 11

Tuliita mpaka sauti zikatuishia. Katika mji wote kuna sisi na kuku.

Kavira alisema twende upande wa Walikale-centre. Mimi nilisema hapana, watu wengi walikwenda upande wa Njingala, na mtoto hufuata watu wengi. Nilijieleza vizuri. Alikubali kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubishana.

Tulitembea kutwa. Tuliwakuta watu wamejificha msituni. Niliwauliza kama wamemwona mtoto mwenye kifuniko. Hawakumwona. Wao wakaniuliza vita vimefika wapi. Mzee mmoja aliniambia Mubi imeungua yote tangu jana. Nikamwambia nimetoka Mubi asubuhi hii. Akanishika mkono akasema Mungu amenitoa motoni.

Tumerudi bila mtoto. Kavira hakula. Mimi nilikula kidogo, mandazi ya Mukashema yaliyobaki barabarani, mengine nikayarudisha kwenye beseni.

Nimetoa orodha ukutani.

Jumanne, tarehe 12

Nilipoamka Kavira hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri, peke yake, upande wa Walikale.

Saa sita nikasikia kamyo. Inatoka upande huohuo. Kavira yuko mbele kwa dereva. Juu, katikati ya watu waliosimama, kuna kiti, na juu ya kiti Consolée, casserole kwenye mapaja, kifuniko juu ya casserole. Anakula biskuti. Constantin amesimama kando yake, ameshika kiti kisianguke.

Kamyo ilikuwa imekwama kwenye tope njiani tangu Jumapili. Constantin alinieleza kwamba alimkuta mtoto amesimama katikati ya barabara.

"Nikamuuliza papa yako iko wapi," alisema. "Akasema papa iko ndani ya motokari, anaongea na mwanamuke."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nilikwenda nyuma ya duka kutafuta kitu. Nilibaki huko mpaka macho yakawa sawa.

Kavira alimpa Constantin jogoo wetu mkubwa, kwa mikono miwili, amepiga magoti. Nilimshukuru pia. Kwa moyo wote. Ila niliona ndala moja ya mtoto imepotea. Nimeliandika hapa tu.

Jumatano, tarehe 13

Watu wamerudi. Mkuu wa mji aliita mkutano kujua nani alileta hofu. Macho yote kwangu. Mukashema alinyoosha kidole, na kidole chake ni kirefu.

Nilijua nitawekwa ndani. Kisha sajini wa bariera akasimama. Akasema yeye na askari wake waliwakuta maadui Jumapili saa tisa, wakapigana nao kwa ushujaa, wakawafukuza mpaka mtoni. Ndiyo maana bariera ilibaki tupu.

Kila mtu pale alimwona sajini akikimbia. Lakini nani atamwambia? Mkuu wa mji alikuna kichwa. Kama maadui walikuwepo, basi Papa Édouard hakueneza uongo. Aliuliza kama nina la kusema.

Nikasimama nikasema niliwaona. Niliwaona migongo.

Sajini alinipa mkono. Wakanipigia makofi kwa kuwa wa kwanza kuona hatari. Constantin hakupiga. Mama Verdiane, nyuma kabisa, alijiziba mdomo kwa kitenge, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alhamisi, tarehe 14

Wiki imekwisha. Stéphane amekuja kuchukua jibu.

Kavira aliniambia tangu asubuhi, mbele ya mama yake: rudisha gari, leta jenereta. Hakupandisha sauti. Hii ni mbaya kuliko akipandisha. Nikamwambia atapata anachotaka, na nilikuwa nasema kweli wakati ule.

Habineza alituonyesha mifuko ya hewa: miwili imepasuka. Mipya iko Ulaya tu. Nilimwambia Stéphane kwa heshima kwamba gari yake imenishinda. Akakubali haraka, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema ni hasara kwangu, maana injini ni nzima. Basi tu bahati mbaya mimi sina ile nyingine.

Nikauliza nyingine gani.

Nyingine kama hii, akasema. Iko Sake, karibu na Goma, kwenye uwanja wa rafiki yake. Mti uliiangukia nyuma, injini imekufa. Lakini mifuko ya hewa yote minne haina hata mkwaruzo. Mtu mwenye akili angezichukua zote mbili. Hata Habineza, nilipomuuliza, hakukataa. Alisema tu "haa", akaenda kunawa mikono.

Nilifikiri dakika tano nzima. Sikukurupuka. Stéphane anabaki na jenereta, na pikipiki yangu ya kuletea bidhaa za duka anaichukua kama malipo, ataipanda leo kurudi Goma. Baada ya mavuno gari ya Sake itapakiwa juu ya kamyo ije hapa. Kamyo inayofanya safari hiyo ni ya Constantin peke yake. Nitazungumza naye, sasa sisi ni marafiki.

Jioni Kavira aliniuliza kama nimemalizana na Stéphane kuhusu ile gari moja.

Nikamwambia ile gari moja aisahau. Sikumdanganya. Sasa ni mbili.