Mnara wa Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi, huu mchezo wa kujenga miji kwa matofali ya kwenye simu usingefika popote. Enzi zile dunia yetu ilijaa watu mia tatu, na wote walinipisha njiani! Leo nimeingia baada ya chai. Nimehesabu watu: mmoja. Mimi. Soko tupu. Kuna mlango ulioachwa wazi tangu mwaka juzi. Nimeufunga. Mpwa wangu, niliyeanza naye akiwa na miaka kumi na miwili, siku hizi ni mfamasia. Hajaingia miezi minane. Nimempigia, kasema Mjomba, niko kazini. Haya. Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuchoma mnara wake. Akisikia, damu itamchemka, atakuja mbio kulipiza. Akili hizo! Kwanza nimewatoa kondoo wake kumi na mmoja, nikawafungia pembeni. Kisha moto. Ghorofa tisa, kwisha. Nimemwandikia kwamba tumevamiwa na genge la watu arobaini, nami nimewatimua peke yangu kwa sururu.

Jumatano, 5 Machi
Kimya. Dada yangu, mama yake, kanikuta nimeikodolea simu macho. Kaniuliza kama nasubiri posa. Hana adabu tangu utotoni.

Alhamisi, 6 Machi
Kaingia! Mapumziko yake ya mchana. Kazunguka palipokuwa na mnara. Kisha kaandika: Mjomba, wavamizi gani hao waungwana, wanatoa kondoo kwanza ndipo wachome? Nikamjibu magenge ya siku hizi yana huruma. Kacheka mpaka kicheko kikajaza skrini nzima. Kasema si ningesema tu nimemkumbuka. Mimi? Nimkumbuke nani? Nikamwambia nina shughuli zangu. Kapanda ua moja, kaaga, kaondoka. Dakika kumi na moja.

Ijumaa, 7 Machi
Kimya tena. Nimeshinda karibu na lile ua. Lakini mkakati umefanya kazi, asiyeona ni kipofu! Kesho nabomoa daraja lake. Nitasema ni mafuriko.

Ningeweza kumjengea mnara mpya, angefurahi zaidi. Ila humu hasomi mtu, basi niseme: miaka yote ile aliyejenga ni yeye. Mimi hata paa sijui linawekwaje. Kazi yangu ilikuwa kumchimbia mchanga.