Detekta Haikosei

Jumamosi, 29 Oktoba 1994
Leo nimekuwa mtu wa maana hapa Somanda! Asubuhi nilikuwa na maksai wawili, Ujamaa na Ruksa. Jioni nina Ruksa na detekta. Ujamaa kaondoka na Athanasi, muuza mitumba kutoka Mwanza. Siku hizi za biashara huria anauza chochote kinachobebeka. Fimbo ndefu, chini duara bapa lenye nyaya, juu kisanduku na visikilizio vya masikioni. Inatambua mali iliyofukiwa! Kwandu, mke wangu, akauliza mvua zikianza plau itavutwa na nani. Nikamwambia kabla ya mvua nitakuwa nimefukua rupia za Mjerumani na kununua trekta. Akasema pamba haingoji Mjerumani. Wivu tu.

Jumapili, 30 Oktoba
Sikwenda kanisani. Athanasi alikuja kunifundisha. Akanigeuza nisione, akafukia vitu vitatu uani. Duara linapeleka nguvu ya sumaku ardhini, alisema, na kila metali huitika kwa namna yake. Kweli! Msumari uliguna kwa sauti nzito. Sarafu ya shaba ikalia nyembamba. Karatasi ya pakiti ya sigara ikalia katikati. Dhahabu ndogo nayo hulia hapo hapo katikati, kwa hiyo lazima uchimbe ndipo ujue. Nimeipenda zaidi kwa hilo. Mashine inayokubali kwamba haijui! Mwenyekiti wetu wa kijiji hajawahi. Jirani yangu Luhaga, mwenye redio kaseti, alichungulia juu ya ua wa minyaa. Nikampa mgongo.

Jumanne, 1 Novemba
Misumari. Vifuniko vya soda. Kipande cha jembe. Misumari tena. Mayu, yaani mama yangu, katumbukia kwenye shimo na kuteguka mguu. Lakini nimegundua swichi ya kukataa chuma! Sasa detekta inapita juu ya msumari kimya, haina habari nao. Akili ya ajabu. Mawingu yameanza kutanda upande wa Maswa. Kwandu amekaa mbele yangu ananoa jembe la mkono. Nimeogopa kidogo.

Alhamisi, 3 Novemba
Mlangoni mwa zizi. Sauti nyembamba, safi, haiyumbi nikipitisha kulia wala kushoto. Shaba au fedha, nikaapa mbele ya Kwandu. Nikachimba. Chungu! Ndani bangili za shaba, mizizi na kipembe cha dawa. Nikapiga yowe la furaha. Mayu akapiga yowe la kwake. Lilikuwa zindiko la marehemu baba, alilofukia siku alipojenga boma ili kulinda mifugo. Sasa zizi halina kinga. Hakuna mnyama wa kulala humo mpaka mganga azindike upya, na mganga yuko Lamadi. Ruksa kapelekwa kulala kwa Luhaga. Kwa Luhaga! Aibu imenipanda mpaka masikioni. Hata hivyo tuseme ukweli: detekta ilisema shaba, na ilikuwa shaba!

Jumamosi, 5 Novemba
Mvua imenyesha. Asubuhi nilimwamkia Mayu kwa Kisukuma, mwangaluka, hakuitikia. Luhaga akaja na pendekezo: maksai wake mmoja ni mgonjwa, kwa hiyo amfunge Ruksa pamoja na mzima, walime kwake, kisha kwetu. Bure. Kwandu alicheka kwa furaha, jambo ambalo sijaliona tangu wiki iliyopita. Nami nilifurahi, nakiri. Pamba yetu imepona.

Halafu nikafikiri. Baba hakuwa mjinga. Nani anaweka ulinzi mahali pasipo na mali? Shaba ilikuwa inalinda kitu kilicho chini yake! Duara langu dogo halifiki huko. Athanasi analo kubwa, linasikia kina kirefu zaidi. Nikamkuta mnadani. Bei yake: maksai mmoja. Na Ruksa, kwa kweli, hata halali kwangu.

Jioni. Duara kubwa ni zuri kupita maelezo. Nimesimama nalo mlangoni mwa zizi. Kwandu amesimama karibu yangu na lile jembe la mkono. Nimemwomba kwa upole asogee kidogo. Jembe lake linaichanganya detekta.